Gari la Umeme Lisilofika Chalinze

Chukua Nissan Leaf ya mwaka 2012, iliyokwisha kutembea Japani miaka kumi na ushei, ikashushwa melini Dar es Salaam. Ichaji mpaka ijae pomoni, kisha ishike Barabara ya Morogoro: Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibaha. Kibaha utafika ukipiga mluzi. Mlandizi utafika kiyoyozi umeshakizima na macho yamekuganda kwenye dashibodi. Chalinze, pale kwenye kona ya kwenda Tanga, hutafika. Na kwa anayekwenda Muheza, Chalinze ni theluthi moja tu ya safari.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo matangazo ya kuuza magari hayalisemi, na ndilo swali la kwanza la kila anayeiona Leaf kwenye simu yake na kushangaa bei. Mara nyingi huuzwa chini ya Toyota IST ya umri uleule, nayo ni gari kubwa zaidi, kimya, lenye kamera ya nyuma na viti visivyochanika. Mtu wa Muheza anayepanda basi kwenda Tanga mjini kila siku ya kazi ana haki ya kujiuliza: kwa nini isiwe mimi?

Inaweza kuwa yeye. Ila bei ile ndogo ina sababu yake, na sababu hiyo haionekani kwenye picha.

Gari la petroli likizeeka huchoka injini, giaboksi, shokapu na bushi, na vyote hivyo mafundi wa Muheza wanavijua kama majina ya watoto wao. Leaf ikizeeka huchoka kitu kimoja chenye uzito wa karibu kilo 300, kilicholala chini ya sakafu ya gari: betri kubwa. Nissan walianza kuliuza gari hili Desemba 2010, Japani na Marekani, likiwa na betri ya kilowati-saa 24. Usiogope neno hilo. Kilowati-saa ni uniti ileile ya LUKU. Kwa hiyo tenki la gari hili, likiwa jipya, lilikuwa linabeba umeme wa uniti 24, basi. Ndani yake mna seli 192 zilizofungwa katika pakiti 48, na hakuna maji wala feni ya kuzipooza. Joto likiingia hukaa humo mpaka liamue lenyewe kutoka.

Kukosa kipoozeo hicho ndiko kulikowatokea puani wenye Leaf wa kwanza huko Arizona, jimbo la jangwa la Marekani. Kufikia mwaka 2012 walishaanza kulalamika kwamba magari yao, ambayo hayajamaliza hata miaka miwili, yamepoteza sehemu kubwa ya nguvu za betri. Nissan walirekebisha mchanganyiko wa kemikali ndani ya seli katika miaka iliyofuata, na mwishoni mwa 2015 ikaja betri ya uniti 30, kisha 2017 umbo jipya kabisa la gari lenye uniti 40. Muheza si jangwa, lakini ukanda huu wa Tanga una joto la mwaka mzima, na betri haijali kama joto ni la jangwani au la pwani. Ninachomwambia anayeagiza ni hiki: Leaf ya 2011 au 2012 iachie wenye kupenda kuchokonoa. Kama mfuko unaruhusu, anzia 2015 na kuendelea.

Kuna yadi moja Dar es Salaam niliyoingia kuikagua mojawapo. Muuzaji alibonyeza kitufe cha kuwashia, ikalia muziki mfupi kama wa simu ya mtoto, kioo cha katikati kikaandika Kijapani kitupu. Upande wa kulia wa dashibodi kuna safu mbili za vijiti zilizosimama bega kwa bega. Safu ya ndani, yenye vijiti vinene, inaonyesha chaji iliyomo sasa hivi. Safu ya nje, yenye vijiti vyembamba, inaonyesha uwezo wa betri wenyewe: kumi vyeupe na viwili vya chini vyekundu, jumla 12 gari likiwa jipya. Muuzaji akagonga kioo kwa kidole kwenye vile vinene. "Ona, bosi, imejaa." Kweli ilikuwa imejaa. Lakini vijiti vyembamba vilivyobaki vilikuwa tisa. Kilichojaa kilikuwa chombo kilichokwisha kupungua ukubwa. Sidhani kama alinidanganya. Nadhani hakuna aliyewahi kumweleza tofauti.

Hesabu ya vijiti hivyo vyembamba haiendi sawasawa, na hapo ndipo wengi hupotea. Cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze asilimia 15 ya uwezo wake. Vinavyofuata hudondoka kila inapopotea asilimia sita na robo hivi. Kwa hiyo gari lenye vijiti 11 halijapoteza sehemu moja tu kati ya 12 za uwezo wake, limepoteza zaidi. Vijiti tisa maana yake uwezo umebaki kati ya asilimia 66 na 72. Katika uniti 24 za kiwandani umebakiwa na kama 16, na hizo zote huzitumii kwa sababu gari hujiwekea akiba ya mwisho. Leaf ikiendeshwa kwa utulivu hupata kilomita sita hadi saba kwa uniti moja. Piga hesabu mwenyewe: ni kilomita 90, ukibahatika 100, na kwenye barabara kuu ukikimbiza 90 kwa saa, pungufu ya hapo. Toka bandarini hadi Chalinze ni zaidi ya 100.

Anayenunua akiwa Muheza na gari likiwa Japani hawezi kwenda kugonga kioo. Afanye mambo mawili. Kwanza, adai picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vijiti vyembamba vikionekana wazi. Muuzaji anayetuma picha ya matairi na buti ukimwomba ya dashibodi, mwache. Pili, adai kipimo cha kompyuta. Kuna kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinazungumza na simu kwa bluetooth, na programu iitwayo LeafSpy inatoa asilimia ya afya ya betri na hali ya kila jozi ya seli. Hicho ndicho cheti cha kweli, kwa maana vijiti vya dashibodi vinaweza kurudishwa vyote 12 na mtu mwenye kifaa cha kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Uhuni huo umeshaonekana Marekani. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha vijiti hudondoka tena, lakini hela yako wakati huo iko ng'ambo.

Makaratasi ya kawaida hayakusaidii. Karatasi ya mnada ya Japani, ile yenye daraja la nne au tatu na nusu, inasimulia mikwaruzo ya bampa, doa la kiti na kilomita zilizotembewa. Ukaguzi kabla ya kupakia meli unaangalia breki, taa, usukani na chasisi, na tangu ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011 magari yamekuwa yakipimwa mionzi pia. Gari linaweza kupita yote hayo kwa alama nzuri huku betri yake ikiwa imekufa nusu. Kilomita chache nazo hazimaanishi kitu sana: betri huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Kodi ni sura nyingine, na hapa sheria inatembea kinyume na mantiki ya betri. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na kuna tozo ndogondogo za reli na za kushughulikia mzigo. Halafu kuna ule ambao kila mwagizaji anaujua kwa jina la ushuru wa uchakavu. Kwa utaratibu uliozoeleka, gari lililozidi miaka minane huongezewa asilimia 15, na lililozidi kumi huongezewa 30. Ushuru wa bidhaa wa magari hupangwa kwa ukubwa wa injini, na Leaf injini haina, cc ni sufuri. Nafuu ya injini inakuja na mkono mmoja, uchakavu unaichukua na mkono mwingine. Leaf ya bei ndogo kule Japani ndiyo ileile iliyozidi miaka kumi, kwa hiyo kabla ya kutuma TT fungua mfumo wa TRA wa kukadiria magari yaliyotumika, andika mwaka na aina, uone jumla. Wengi hugundua kwamba tofauti kati ya gari la 2012 na la 2016, ukishaweka kodi, si kubwa kama walivyodhani, na betri ya 2016 itawaishia miaka mingi zaidi.

Baharini gari linakaa wiki kadhaa, kuanzia Yokohama au Nagoya hadi huku, na likifika kuna jambo dogo linalowatia watu presha bure. Leaf ina betri mbili. Ile kubwa inasukuma gari, na nyingine ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa kama ya gari lolote, inaamsha kompyuta. Hiyo ndogo hufa safarini. Gari linashushwa likiwa kimya, halifungui hata mlango kwa rimoti, wakala anakupigia simu kwamba gari lako limeungua. Halijaungua. Libusti kwa betri ya gari lingine kama unavyobusti Noah, litaamka. Ambalo halifai ni kulifunga kamba na kulivuta kwa magurudumu yote manne. Magurudumu ya mbele yameungana moja kwa moja na mota, na yakizungushwa kwa nguvu za nje mota huzalisha umeme usiotakiwa. Gari hili hubebwa mgongoni.

Basi tumefika kwenye swali la kichwa cha habari. Limeshalipiwa, limepata namba, liko Dar, na wewe unakaa Muheza. Utalifikishaje?

Wako wanaosema waendeshe kwa vituo. Inawezekana, lakini si kwa njia ya Chalinze. Unapita Bagamoyo: Tegeta, Bunju, Mapinga, kilomita kama 70, unalala. Kesho yake Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami nzuri, unaweza kuchaji mchana kutwa na kulala tena. Kutoka Msata unavuka Wami, unapita Mbwewe, unatafuta plagi Mkata. Kutoka Mkata kuna Kabuku, Segera, Hale, halafu Muheza, na hapo katikati inategemea vijiti vyako. Kwenye plagi ya kawaida ya ukutani gari hunywa uniti mbili na kitu kwa saa, kwa hiyo kila kituo ni usiku mzima, na kila usiku ni gesti yenye ua, mlinzi, na mwenyeji unayepaswa kumweleza kwa upole kwamba gari lako litamaliza uniti 15 za LUKU yake. Mlipe kabla hajauliza. Safari ambayo basi huimaliza kabla ya chakula cha mchana itakula siku tatu au nne.

Tukumbuke kwamba gari la kwanza kuvuka Afrika lilitoka Dar es Salaam hiyohiyo. Mwanajeshi wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Agosti 10, 1907 na gari la petroli, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1, 1909. Vituo vya mafuta havikuwepo, kwa hiyo petroli ilibidi itangulizwe njiani kabla yake. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba petroli haifai kwa sababu pampu hazipo Kilosa. Walisema tu kwamba mtu huyu ana wazimu, na hawakukosea sana.

Njia yenye akili kwa mtu wa Muheza iko kwenye malori ya machungwa. Fuso zinazopakia machungwa kwetu hushusha Dar, na kurudi mara nyingi hurudi tupu au na mzigo wa kuokoteza. Dereva anayerudi tupu hasikilizi bei kama yule aliyekodiwa kwenda na kurudi. Leaf ina uzito wa tani moja na nusu na urefu wa karibu mita nne na nusu, kwa hiyo Kanta fupi haifai. Fuso inabeba bila kuhema. Kazi iko kwenye kulipandisha. Bila brekidauni ya kupakia, unatafuta tuta la udongo lililo sawa na bodi ya lori, lori linarudi kinyumenyume mpaka liguse, mbao mbili nene zinawekwa, na gari linaingia taratibu kwa nguvu zake lenyewe, jambo ambalo mota ya umeme hulifanya kwa ustadi kuliko klachi yoyote. Kisha magurudumu yanawekewa magogo mbele na nyuma, na mikanda inafungwa kwenye magurudumu. Asiruhusiwe mtu kufunga kamba kwenye bampa au kupitisha chini ya sakafu: chini kuna betri. Kumbuka pia kulipakia likiwa na chaji nusu. Betri iliyojaa kabisa na jua la mchana ni maadui.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kutolipeleka Dar hata kidogo. Bandari ya Tanga ambayo zamani meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na mizigo ikavushwa kwa tishari imechimbwa na kupanuliwa: lango lililokuwa na kina cha mita tatu sasa lina 13, na kuna gati za mita 450, kazi iliyogharimu shilingi bilioni 429. Meli za magari nazo zimeanza kuonekana. Kutoka Tanga hadi Muheza, kupitia Pongwe, ni kilomita zisizozidi 40. Leaf yenye vijiti tisa inafika nyumbani na chaji zaidi ya nusu. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji na wakala kama meli yako inaweza kushusha Tanga, na kama kuna nyongeza ya nauli uilinganishe na gharama ya Fuso.

Tanga haijaanza leo kupokea vitu vya mbali vyenye mashaka. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kwa miche hiyo 62 mkoa mzima ulibadilika sura. Aliyeagiza Leaf moja na ikafika na vijiti tisa asijione ana mkosi.

Gari limeingia uani. Unachomeka waya wake, ule wenye kisanduku katikati, na taa ya kisanduku inawaka nyekundu. Unajaribu soketi nyingine, nyekundu. Hapa wengi hudhani chaja imekufa, au kwamba umeme wa Japani, volti 100 na 200, haupatani na wetu wa 230. Mara nyingi tatizo ni nyumba. Kisanduku kile kabla ya kuruhusu umeme kupita hupima kama kuna ethi, na nyumba nyingi zetu ethi ni waya wa kijani uliofungwa kwenye soketi na kuishia hewani ukutani. Friji, tivii na pasi havikuwahi kulalamika. Gari linalalamika. Mwite fundi umeme azike fimbo ya shaba mahali penye unyevu, wengine huweka mkaa na chumvi kushikilia unyevu, apime, afunge waya mnene kutoka kwenye meta hadi soketi moja maalumu yenye swichi yake. Ekstensheni ya dukani iliyoviringishwa sebuleni ni moto unaosubiri usiku. Kisanduku chenyewe kikaguliwe maandishi yake: kile kilichotengenezwa kwa volti 100 peke yake usikichomeke huku kabisa.

Na kuna LUKU. Nyumba nyingi za Muheza ziko kwenye ile tarifu ya wenye matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukizidisha unachajiwa 350. Leaf ikienda Tanga na kurudi mara sita imeshazimaliza 75 zote peke yake, kabla ya taa na friji. Kwa hiyo jua kwamba gari hili litakuhamisha kwenye tarifu ya kawaida, ambako elfu kumi inaingiza uniti 28, na bei hiyo mpya italipiwa pia na feni na balbu za nyumba nzima. Hili sijamsikia muuzaji yeyote akilitaja.

Hata hivyo tuiweke hesabu mezani. Muheza hadi Tanga na kurudi ni kilomita kama 75. Ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, utatumia uniti 13 au 14, yaani shilingi elfu tano kasoro. IST inayokwenda kilomita 14 kwa lita itakunywa lita tano na zaidi. Petroli kwa bei za EWURA za miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye elfu tatu, chini kidogo au juu kidogo, basi weka elfu 16. Kila safari unabakiwa na elfu 11. Kwa anayekwenda siku tano za wiki, mwaka mmoja ni zaidi ya milioni mbili na nusu, bila oili, bila plagi, bila fan belt. Umeme wenyewe una ujirani: mitambo ya Hale na New Pangani Falls inazungushwa na mto Pangani hapohapo jirani, ingawa siku hizi gridi ni moja na uniti yako inaweza kuwa imetoka Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115.

Kupanda Amani je? Nimeulizwa hilo na watu wa Muheza kuliko la Chalinze. Amani iko karibu mita 700 juu ya Muheza mjini. Kuinua tani moja na nusu ya gari na watu wawili hadi kule kunadai uniti tatu na ushei juu ya zile za mwendo wa kawaida, na ukishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu yake huku breki zikipumzika. Kwa hesabu ya chaji, Amani inafikika. Kwa hesabu ya barabara, mvua ikinyesha, na gari lenye nafasi ya sentimita 16 tu kati ya betri na mawe, mimi nisingelipeleka.

Kuhusu mafundi nisiwe na maneno mengi. Breki, bushi, tairi na shokapu za Leaf ni kazi ya gereji yoyote ya Muheza. Chini ya boneti na chini ya sakafu kuna waya nene zenye rangi ya machungwa, na kwa rangi hiyo mtu wa Muheza anaweza kudhani zimetengenezwa kwa ajili yake. Zinabeba karibu volti 400 na zinaua papo hapo. Fundi asiyekuwa na glavu za umeme na mafunzo asizikaribie, hata kama amefungua injini mia.

Majirani wamekwenda kila mmoja kwa njia yake. Nairobi teksi za Nopia Ride zilianza na Leaf mwaka 2018, lakini Nairobi iko juu na ina baridi, betri zake hazioni joto letu. Kenya pia hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Leaf zilizochoka sana haziingii. Ethiopia mapema 2024 ilizuia kabisa kuingiza magari ya petroli na dizeli. Hapa kwetu mchora katuni Ali Masoud, yule Masoud Kipanya, alionyesha gari la umeme alilolibuni mwezi Machi 2022, na bajaji na pikipiki za umeme zinaendelea kuongezeka mijini. Serikali haijatuzuia kununua gari kuukuu. Imetutoza tu.

Na kutoza kwake ndiko ninakoomba kuangaliwe upya. Ushuru wa uchakavu uliwekwa kuzuia vyuma chakavu, na kwa gari la injini umri ni kipimo kinachoeleweka. Kwa gari la umeme umri ni nusu ya habari. TBS iwatake wakaguzi wa huko Japani wachomeke kile kidude cha bei ndogo, wasome asilimia ya afya ya betri, waiandike kwenye cheti. TRA nao watumie namba hiyo kupanga uchakavu, badala ya mwaka peke yake. Japani hakuna ugeni na jambo hili: tangu Machi 2018 kuna kiwanda mjini Namie, Fukushima, cha kampuni ya 4R Energy, kinachopima betri za Leaf zilizotumika na kuzigawa madaraja kabla ya kuziuza tena. Namba zipo, hazijaombwa tu.

Mpaka hapo, aliyejenga kwake, mwenye ethi ya kweli, anayekwenda Tanga na kurudi siku nyingi za wiki, aagize, achague gari la 2015 au jipya zaidi lenye vijiti visivyopungua kumi, na alishushe Tanga. Anayepanga chumba, au ambaye kila mwezi lazima aende Dar, abaki na IST yake.